Mlezi ni Mimi, Wewe Mpita Njia

Mitwero, Lindi
26 Januari 2025

Bibi yangu Mwanahija, mke mwenza mkubwa,

Shikamoo. Barua hii ikukute umeketi na mguu umetulia. Msalimie Bi Maftaha anayekusomea, mwambie asome taratibu asiruke kitu. Mimi mzima. Chumba changu hakivuji tena, mwenye nyumba kabadilisha bati mbili. Nimenunua ndoo yenye mfuniko kama ulivyoniagiza.

Uliniuliza kazi ya maktaba ni kazi gani, kukaa na vitabu kutwa nzima. Bibi, ni kazi ya mikono. Asubuhi tunafungua madirisha na kufuta vumbi. Vitabu vikirudishwa tunavikagua, tunagonga muhuri, kisha kila kimoja kinarudi rafuni mahali pake. Kitabu kikiwekwa pasipo pake kimepotea, hata kama kimo humo humo ndani.

Tuko wanne. Mkuu wetu ni Valentini, mtu mrefu mpole, ana miwani mbili na zote hazioni. Stephano ni mlinzi, anawajua wasomaji kwa viatu vyao. Utamsikia: "Yule wa ndala za kijani bado ana kitabu chetu cha ufugaji." Na yupo Mama Genoveva, Mmakonde wa Newala, mjane, watoto wake wote wako Dar. Yeye anatibu vitabu vilivyochanika. Anapika gundi kwa unga wa muhogo, anashona migongo ya vitabu kwa sindano na uzi mnene, na kila akimaliza kimoja anakipiga kofi kama mtoto aliyevishwa nguo. Mama Genoveva ndiye aliyenifundisha kugonga muhuri usichafue. Mama Genoveva huniwekea kiazi cha chai.

Kila Ijumaa saa nne, kwenye chai, kila mtu anamtaja mwenzake kwa kazi aliyoifanya bila kuonekana. Sifa za bure hazikubaliwi, lazima utaje kazi yenyewe, na Valentini anaandika kwenye daftari. Ijumaa iliyopita Mama Genoveva alinitaja mimi: "Mastura alimsomea mzee mmoja barua ya mahakama mara tatu, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa ileile ya kwanza." Bibi, nilitaka kulia. Sijawahi kushukuriwa vile.

Nakukumbuka sana.

Mjukuu wako,
Mastura


Pande, Kilwa
11 Februari

Mke mwenzangu Mastura,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Mie sijambo. Mguu ni uleule, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Mbuzi wa mjomba wako Shaaban kazaa pacha, mmoja mweupe mwili mzima, wanamwita Daktari. Maftaha ananiandikia hapa dukani kwake katikati ya kanga, na mteja akija anaacha kalamu, kwa hiyo ukiona maneno yamekatika ujue kuna mtu kaja kuuliza bei na hakununua.

Ile habari ya kuninunulia simu usinirudie. Simu inasema mara moja inanyamaza. Barua naweza kumwambia Maftaha airudie.

Na nimemwambia airudie. Mara tatu, na mara ya tatu sauti yake ilikuwa imechoka, naye hana wa kumwandika kwenye daftari. Nimehesabu kwa vidole. Huyo Genoveva katajwa mara nne. Mie umeniweka kwenye shikamoo na kwenye kwaheri, kama milango ya nyumba, na ndani kakaa yeye.

"Sijawahi kushukuriwa vile." Haya. Alipokufa mama yako ulikuwa unatambaa. Nani alikutafunia samaki akakutolea miiba? Uliporudi kinyumenyume ukaangukia sufuria la uji, nani alikubeba mgongoni hadi zahanati, wewe unalia nyuma na mie nalia mbele? Hakukuwa na Ijumaa wala chai. Kama kushukuriwa ni kuandikwa kwenye daftari, basi mie sitashukuriwa mpaka nife, maana mie na daftari hatujawahi kujuana.

Maftaha anasema nilainishe. Nimemwambia aandike kama nilivyosema, na aandike pia kwamba kanikataza.

Nimempa Salumu, kondakta wa basi, kikapu. Kuna pweza mkavu, korosho nilizobangua mwenyewe mpaka vidole vikaungua, na unga wa muhogo, nimeutwanga na kuuchekecha mara mbili. Ule wewe. WEWE. Maftaha, hapo andika kwa herufi kubwa.

Bibi yako,
Mwanahija binti Abdulwahab


Mitwero, Lindi
24 Februari

Bibi mpenzi,

Shikamoo sana. Nimefurahi habari ya Daktari. Wasalimie mjomba Shaaban na wote.

Kikapu kimefika, Salumu alikileta mpaka mlangoni. Ahsante, bibi. Pweza alinikumbusha jiko lako. Ila hapa kazini tuna desturi: anayepata kitu kutoka kwao anakiweka mezani, wote wanakula. Stephano kala pweza akafumba macho. Valentini kauliza kama bibi huyo ana binti mwingine. Na unga wako, bibi, ni laini kuliko wowote wa sokoni hapa, hata Mama Genoveva akaniomba vikombe viwili vya kupikia gundi. Vitabu kumi na moja vimepona kwa unga wako!

Nilidhani utafurahi kujua hilo.

Usiwe na wivu, bibi. Mama Genoveva ni mfanyakazi mwenzangu tu. Ni mtu wa kucheka, mngekutana mngependana.

Wako,
Mastura


Pande, Kilwa
Ramadhani kumi, 11 Machi

Mastura,

Mie mzima. Tumefunga salama. Shaaban mzima, mbuzi wazima.

Gundi.

Ule unga niliutwanga siku mbili na mguu wangu huu. Nimekukuza wewe kwa muhogo, mwenzio anabandikia makaratasi. Na unanambia nisiwe na wivu. Wivu sina. Nina macho.

Huyo mama yako mpya nimemtumia zawadi kwa mkono wa Salumu. Doti ya kanga. Nilimwambia Maftaha anisomee majina ya kanga zake zote dukani. Kasoma kumi na nne, nikakataa kumi na nne. Ya kumi na tano nikasema, hiyo hiyo. Usiifungue wewe. Afungue yeye.

Idi uje nyumbani. Sikuombi.

Bibi yako

(Mastura, hapa ni mimi Maftaha. Nilimwomba achague nyingine, hata bure nilikuwa tayari kumpa. Kakataa. Mniwie radhi.)


Mitwero, Lindi
7 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo, na mkono wa Idi. Natumaini mlisherehekea vizuri, na wali wa nazi ulikuwepo.

Nisamehe sikuja. Tulikuwa na kazi ya kuhesabu vitabu vyote vya maktaba na haikuwezekana kuondoka. Mwandiko si mzuri leo, kalamu inasumbua.

Zawadi ilifika. Nitakuandikia.

Mastura


Pande, Kilwa
21 Aprili

Mastura binti wa marehemu binti yangu,

Marahaba. Tumesherehekea. Wali ulikuwepo, sahani yako ilikuwepo, nikaifunika kawa mpaka jioni, nikaifunua, nikampa Daktari na pacha wake.

Mie sikusoma lakini sikuzaliwa jana. Siku ya Idi hata ofisi ya mkuu wa wilaya inafungwa. Nani anahesabu vitabu Idi? Labda hao wa Newala, Idi si yao, wamekukalisha uwahesabie. Au ulikula Idi kwa mtu. Kama ulikula kwa mtu sema, nijue nafunika sahani kwa ajili ya nani.

Barua yako ina mistari michache kuliko risiti ya Maftaha. Na sura ya mwandiko siyo yako. Herufi sizijui lakini mwandiko wako naujua kwa sura, umenyooka kama ulivyokuwa unapanga vijiti uani. Huu umeanguka anguka.

Na mbona hunambii huyo mama kasema nini juu ya kanga? Kaivaa? Kaitupa? Kalia? Nambie kalia.

Maftaha anasema astaghfirullahi. Andika, Maftaha.

Bibi


Pande, Kilwa
23 Mei

Mastura,

Mwezi mzima hujanijibu. Kila basi likipita nilimtuma mtu kwa Salumu, na kila mara Salumu anasema hakuna kitu na haangalii mtu usoni. Jana nimekwenda mwenyewe hadi kituoni na mguu wangu. Nikamshika shati. Nikamwambia, "Salumu, nimemzalisha mkeo watoto wawili kwa mikono hii. Mjukuu wangu yuko wapi?"

Kasema mwisho wa Ramadhani alipita kwako kuuliza kama unasafiri Idi, akakuta chumba kimefungwa, majirani wakasema umebebwa, umelazwa, homa imekupanda kichwani. Kasema ulimtumia ujumbe mimi nisiambiwe.

Mie nisiambiwe.

Nauliza mambo mawili tu na utanijibu kweli, kama unamwogopa Mungu kwangu. La kwanza, umepona? La pili, nani alikuosha?

Kwetu mgonjwa anaoshwa na mama yake. Akiwa hana mama anaoshwa na bibi yake. Ule mgongo wako una kovu la uji. Kovu lile ni langu. Kama kuna mtu kalipitishia kitambaa, nataka jina, ingawa nalijua.

Sijala tangu jana. Siyo funga.

Bibi


Mitwero, Lindi
1 Juni

Bibi yangu, mlezi wangu,

Shikamoo. Jambo la kwanza: nimepona. Nimerudi kazini wiki ya tatu sasa, nakula, uso umejaa. Sasa kula na wewe, nakuomba, kabla Bi Maftaha hajaendelea kusoma.

Nilikuficha kwa sababu nakujua. Ungepanda gari na mguu ule, ungekuja umesimama njia nzima na kikapu kichwani, na ningekuwa na wagonjwa wawili. Nilikuandikia ile barua ya Aprili kitandani chumbani kwangu, maana nilikaa ndani wiki sita kabla ya kupata nguvu. Baadaye kila nilipoanza kukuandikia kweli, niliichana karatasi. Nisamehe.

Jambo la pili ni Genoveva. Unalijua.

Sasa nianze na kanga. Ilifika siku ya Ijumaa, wenzangu wako kwenye chai, mimi nimefunga nimekaa nao. Akasema, "Mimi! Nimeletewa zawadi na watu wa Pande!" Akaifungua mbele ya wote, akaitandaza mezani, akasoma kwa sauti: MLEZI NI MIMI, WEWE MPITA NJIA.

Bibi, kijiko kilimdondoka Stephano. Valentini akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na kitu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Genoveva akasoma tena, kimoyomoyo. Kisha akaniuliza, "Bibi yako kabila gani?" Nikasema Mmwera. Akacheka, bibi, akacheka mpaka akashika meza. "Ah, mtani wangu! Wamwera hawa! Yaani kanunua doti nzima, kalipia na nauli, ili anitukane mimi Mmakonde! Basi kaniheshimu." Akajifunga doti nzima kiunoni akaenda kushona vitabu nayo kutwa nzima. Kila msomaji aliyeingia alimgeuzia mgongo asome.

Homa ilinipata siku kumi baadaye. Yeye ndiye aliyevunja komeo. Nililazwa siku sita, Valentini alileta uji asubuhi, Stephano alikaa nje usiku, na yeye aliomba likizo yake yote akaimalizia kwenye kiti cha wodini. Kila siku alinifunika ile kanga. Siku nilipozinduka nikaona maandishi kifuani kwangu, nikamuuliza kwa nini hiyo. Akasema, "Mlezi wako hayupo, mwanangu. Lakini jina lake lipo hapa, kaliandika mwenyewe. Nimekufunika nalo. Mimi nimepita tu."

Ndiyo, aliniosha. Alipofika kwenye kovu aliuliza. Nikamsimulia uji, na mgongo wako, na zahanati. Akaosha pembeni yake, pale penyewe akapaacha. Akasema, "Hapa pana mwenyewe."

Niliporudi kazini ikawa Ijumaa. Nikamtaja yeye. Akanikatiza, akakataa. Akasema Ijumaa hii ataje yeye, akataja kazi isiyoonekana: mtu aliyechekecha unga mara mbili mpaka kurasa zikashikana, na aliyemlea msichana asiyechoka kumsomea mzee barua. Valentini akaniuliza jina kamili. Limo kwenye daftari, bibi, nimeliona: Bi Mwanahija binti Abdulwahab, wa Pande.

Ameikata doti. Nusu kabaki nayo, nusu ndiyo hiyo ndani ya mfuko wa Salumu. Anasema tusi la mtani halimalizwi na mtu mmoja.

Mjukuu wako na mke mwenza wako,
Mastura


Pande, Kilwa
22 Juni

Mastura wangu,

Marahaba, marahaba. Nimekula. Nilikula siku ileile, Maftaha kakataa kuendelea kusoma mpaka nimalize sahani, akanisimamia kama askari. Idi ya kuchinja imepita salama. Daktari yupo, mjomba wako alimchinja mwingine. Kisima kinatosha.

Nimechelewa kukujibu. Nilikuwa nakuja kila siku hapa dukani, nakaa kwenye kigoda, Maftaha anashika kalamu, namwambia aandike, kisha namwambia afute. Kauza kanga nyingi wiki hizo. Watu waliingia kuniangalia nikifutisha.

Nimekukasirikia wewe kwanza. Usinifiche tena. Nikifa njiani nakuja kwako nimekufa vizuri, lakini kukaa hapa nakusema kwa mbuzi ati umekula Idi kwa watu, na kumbe umelala huna fahamu, hilo umenifanyia vibaya. Basi. Limekwisha.

Sasa lile la pili. Mwambie au usimwambie, shauri yako. Mie sikumtania. Mastura, nilimtukana kweli. Nilimaanisha kila herufi ya kanga ile, na herufi zenyewe sizijui. Nilitaka alie. Nilikaa hapa Ramadhani, na swaumu yangu mdomoni, nikiomba alie. Na nadhani alijua. Mtu anayeshona vitabu atashindwa kusoma kanga? Alijua, akanipa jina la mtani ili nipate pa kusimama. Mie ningekuwa yeye nisingefanya hivyo. Ningeirudisha na nyingine kali zaidi, na Maftaha anazo.

Usiku nilipofungua mfuko wa Salumu niliinusa ile nusu. Nilidhani itanuka mtu mgeni. Inanuka gundi. Nikanusa tena, nikacheka peke yangu. Ni muhogo wangu.

Wivu bado ninao. Nisikudanganye. Kila nikifikiria wewe umelala hoi, mtu mwingine kakushika mkono, kuna kitu hapa kifuani kinajikunja kama ukili mbichi. Kaniachia kovu langu, namshukuru kwa hilo. Lakini mabega kaosha. Mabega nayo yalikuwa yangu.

Kwenye hilo daftari lenu, nasikia jina langu limo. Maftaha kanionyesha linavyoandikwa, juu ya karatasi ya kufungia kanga. Ni refu. Sikujua kama mie ni mrefu hivyo.

Sasa sikiliza. Hitima ya babu yako ni Jumamosi tarehe ishirini na sita mwezi ujao. Uje Alhamisi. Nimekwisha kumwambia Salumu akuwekee viti viwili, na kimoja kiwe cha dirishani, maana watu wa Newala njia hii hawajaizoea. Waambie Valentini na Stephano pia, wakiweza, yule anayefumba macho nimemwekea pweza.

Huyo Mama Genoveva avae nusu yake. Mie nitavaa yangu. Watu wa Pande watasoma watachanganyikiwa, waache wachanganyikiwe.

Watataka kumkalisha barazani na kumpa maji, kwa kuwa ni mgeni. Mwambie asikubali. Barazani wanakaa wapita njia. Yeye apite moja kwa moja hadi uani, jikoni, kuna vitunguu vya kumenya na sufuria kubwa la watu mia, na mie kwa mguu huu siwezi kulipindua peke yangu.

Ila wewe ukifika, maji ya kuoga nitakuwa nimekwisha kuyachemsha. Mgongo wako nausugua mie.

Bibi yako, aliyemo kwenye daftari,
Mwanahija binti Abdulwahab